Laptopu inaganda ikiwashwa kawaida, Safe Mode inakubali

SWALI

Habari za kazi fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro, naomba msaada wako manake nimechanganyikiwa. Laptopu yangu ni ya Windows 10, niliinunua mtumba na imenifanyia kazi vizuri tu. Sasa wiki hii nikiwasha inaleta nembo, vile vidoti vinazunguka, naweka paswedi, picha ya nyuma inatokea na aikoni kadhaa alafu inaganda hapohapo, mausi haisogei, saa ya kule chini pembeni inasimama, hata niiache nusu saa nikirudi ni vilevile. Naizima kwa kushikilia kitufe. Kijana mmoja hapa shuleni akanionyesha kuingia Safe Mode, huko inafanya kazi bila shida yoyote na mafaili yote nayafungua. Fundi mmoja mjini kaniambia disiki imeliwa na virusi, dawa ni kupiga Windows upya na kila kitu kitafutika. Humo ndani kuna maksi za kidato cha pili na cha nne, mitihani yote niliyotunga na picha za familia. Kabla ya tatizo niliweka antivirusi mpya, na pia ilikuwa imejiapdeti. Nifanyeje?
Mwalimu, Morogoro

JIBU

Mwalimu wangu, usimpe mtu yeyote ruhusa ya kufuta kitu kwenye hiyo mashine. Leo hiihii chomeka flashi au disiki ya nje ukiwa humohumo kwenye Safe Mode, kopi maksi, kopi mitihani, kopi picha, alafu hiyo flashi kaichomeke kwenye kompyuta nyingine ufungue mafaili mawili matatu uone yanafunguka kweli. Flashi inasomeka vizuri tu kwenye Safe Mode. Ukishamaliza hapo ndo tuongee habari za ugonjwa, manake laptopu nyingine inanunulika ila maksi za watoto wa kidato cha nne haziuzwi dukani.

Sasa nikwambie kwa nini huo ushauri wa kupiga Windows upya umeniudhi. Kipimo kikubwa umeshakifanya mwenyewe. Safe Mode ni Windows ileile, disiki ileile, RAM ileile, tofauti ni kwamba inawasha vya lazima tu, yaani draiva chache za msingi (draiva ni viprogramu vinavyoendesha vifaa kama skrini na printa), skrini inaendeshwa na draiva ya kawaida ya Microsoft, na zile programu zako zinazojiwasha zenyewe zinaachwa zimelala. Disiki ingekuwa imeliwa kama alivosema, huko Safe Mode nako ungeteseka, mafaili yangefunguka kwa shida au yasifunguke kabisa. Ikikubali huko na kugoma huku, mara nyingi mchawi ni kitu kimoja kilichoongezwa juu: draiva, antivirusi, programu inayojiwasha au apdeti. Nasema mara nyingi, sio mara zote, kuna chipu ya picha ambayo inaweza kuwa mbovu na isijionyeshe Safe Mode, hilo ntalifikia.

Na sio wewe wa kwanza. Agosti 2016 Microsoft walitoa apdeti kubwa ya Windows 10 iliyoitwa Anniversary Update, watu wakaanza kulalamika mashine zinaganda, hasa zile zenye Windows kwenye SSD (disiki ya kisasa isiyozunguka) na programu na data kwenye disiki ya pili, na Microsoft wenyewe wakakiri tatizo lipo na kwamba ukiingia Safe Mode halitokei. Baadaye wakatoa marekebisho. Tarehe 19 Julai 2024 ndo likawa balaa la dunia nzima, faili moja bovu la apdeti ya programu ya ulinzi ya kampuni ya Marekani, CrowdStrike, liliangusha kompyuta za Windows kama milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft, ndege hazikuruka, hospitali na mabenki yakayumba. Zile zilikuwa zinaleta skrini ya bluu, hazikuwa zinaganda kama yako, lakini tiba iliyotumika sana ilikuwa njia hiihii, mafundi waliingia Safe Mode mashine moja baada ya nyingine, wakalifuta hilo faili ambalo jina lake linaanzia C-00000291, wakawasha upya. Data za watu zilibaki palepale.

Tuje kwako. Umeniambia kitu cha maana sana, kwamba inaganda baada ya paswedi na aikoni zimeshaanza kutokea. Mahali inapogandia panasema mengi. Ikigandia kabla hata ya nembo hiyo ni ya vifaa au BIOS (programu ya ndani inayoiamsha mashine kabla ya Windows), ikigandia kwenye vidoti vinavyozunguka nashuku draiva kwanza, ikigandia pale ulipopasema wewe macho yangu yanaenda kwenye vitu vinavyojiwasha ukishaingia, na antivirusi ndo mkubwa wao. Siku ukiiwasha kawaida tena na ikaganda, usikimbilie kitufe cha kuzimia. Bonyeza Caps Lock uangalie kile kitaa, kama kinawaka na kuzima basi ndani bado kuna uhai. Alafu shikilia kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na herufi B. Hiyo inaianzisha upya draiva ya skrini, kompyuta italia kidogo na skrini itapepesa. Mausi ikirudi kusogea baada ya hapo, umeshampata, ni draiva ya picha. Kama Caps Lock haiitiki kabisa, mfumo mzima umeshikwa.

Rudi Safe Mode sasa tuanze na hiyo antivirusi mpya. Swali langu ni hili, ile ya zamani uliitoa? Laptopu za mtumba nyingi zinakuja na antivirusi ya mwenye mali wa kwanza, muda wake umeisha ila draiva zake bado zipo, na wewe ukaweka nyingine juu, sasa zote mbili zinataka kukagua kila faili linalofunguliwa wakati mashine inawaka, hii inaishika ile na ile inaishika hii. Defender, ile antivirusi inayokuja na Windows yenyewe, inajua kupisha, ukiweka antivirusi nyingine inajizima, lakini hizi za makampuni mawili tofauti hazipishani. Toa zote mbili. Ukijaribu kuzitoa ndani ya Safe Mode unaweza kukuta inakataa, inasema Windows Installer haipatikani, usiogope, ile huduma kwa kawaida hailali na Safe Mode chumba kimoja. Makampuni makubwa ya antivirusi yana kitoleo chao maalumu, kiprogramu kidogo tu, unakidaunlodi bure kwenye tovuti ya kampuni husika kwa kompyuta nyingine, unakileta na flashi, na vingi vimetengenezwa viendeshwe ukiwa Safe Mode.

Ukishazitoa washa kawaida. Ikikubali, shukuru Mungu na ukae na Defender peke yake kwanza.

Isipokubali ndo tunaingia kwenye kazi ambayo inataka uvumilivu, na hapa naomba unisome taratibu. Ukiwa Safe Mode shikilia kitufe cha Windows pamoja na R, andika msconfig, bonyeza Enter. Dirisha dogo litafunguka lenye vichupo juu. Nenda Services, kule chini kuna kiboksi kimeandikwa Hide all Microsoft services, kitie tiki KWANZA kabla hujagusa kingine chochote, manake ukisahau hiyo tiki utazima huduma za Windows yenyewe na utajiongezea matatizo. Ukishatia, orodha itapungua ghafla, zinabaki za printa, za kampuni iliyotengeneza laptopu, za antivirusi, za zile modemu za mtandao tulizokuwa tunachomeka zamani ambazo zilikuwa zinajiinstoli zenyewe na hadi leo mabaki yake yamo. Ziandike kwenye karatasi au zipige picha kwa simu. Bonyeza Disable all. Alafu fungua Task Manager kwa Ctrl, Shift na Esc, nenda Startup, zima vyote vilivyomo. Washa upya kawaida.

Ikiwaka vizuri, umeshajua mchawi yumo ndani ya ile orodha yako. Usiwashe moja moja utachoka. Kata orodha nusu, washa nusu ya juu uache ya chini, anzisha upya. Ikiganda yumo nusu ya juu, isipoganda yumo ya chini. Ile nusu yenye ubaya ikate tena nusu. Orodha ya vitu 16 unaimaliza kwa kuwasha mara nne tu na unabaki na jina moja mkononi. Mimi hii njia naipenda kuliko zote kwa sababu haina kubahatisha, haihitaji bando, na mwisho wake unajua hasa ni nini kilikusumbua, tofauti na kupiga Windows upya ambako ukija kuweka programu ileile mwezi ujao tatizo linarudi na hujui limetoka wapi.

Ikiganda hata baada ya kuzima vyote vile, basi tunahamia kwenye draiva ya picha. Bofya kitufe cha kulia juu ya alama ya Windows, chagua Device Manager, fungua Display adapters. Laptopu nyingine utakuta majina mawili pale, Intel pamoja na NVIDIA au AMD. Kama tatizo limeanza baada ya apdeti, fungua kila moja, nenda Driver, ukiona Roll Back Driver inabonyezeka ibonyeze, inarudisha ile draiva ya zamani iliyokuwa inafanya kazi. Kama imefifia haibonyezeki, chagua Uninstall device na utie tiki kile kiboksi cha kufuta na draiva yenyewe. Usihofu kwamba skrini itazimika moja kwa moja, Windows inaweka draiva yake ya kawaida, picha itakuwa kubwakubwa na haipendezi lakini utaona. Alafu ingia tovuti ya HP, Dell, Lenovo au yeyote aliyeitengeneza, tafuta kwa namba ya modeli iliyo kwenye stika chini ya laptopu, chukua draiva ya pale. Zile programu za kwenye mtandao zinazojidai zitakutafutia draiva zote kwa mpigo usiziguse kabisa, nyingi zinaleta takataka na draiva zisizo za kwako.

Na hapa ndo nilipoahidi kurudi kwenye chipu. Kama bila draiva ya NVIDIA au AMD mashine inaenda, na ukiweka draiva sahihi kutoka kwa mtengenezaji inaganda tena, ukiweka toleo jingine bado inaganda, basi chipu yenyewe inaweza kuwa inakufa au inachemka kupita kiasi kwa sababu feni imeziba vumbi. Peleka isafishwe na ibadilishwe ile pesti ya joto. Unaweza pia kuiacha chipu hiyo imezimwa kwenye Device Manager ukatumia ya Intel peke yake, kwa kutunga mitihani na kujaza maksi hutaona tofauti.

Apdeti nayo inatoleka. Ukiwa kwenye skrini ya bluu ya matengenezo (namna ya kuifikia nimeieleza aya inayofuata), ingia Troubleshoot, Advanced options, Uninstall Updates, toa ile ya mwisho iliyoandikwa quality update, yaani zile apdeti ndogo za kila mwezi. Kama kulikuwa na restore point, yaani kumbukumbu ya hali ya mfumo, ya kabla ya tatizo, System Restore iko hapohapo pia, inarudisha mfumo na programu nyuma bila kugusa nyaraka zako, japo kwenye mashine nyingi za Windows 10 huwa imezimwa kwa hiyo usishangae ukikuta hakuna.

Kwa wasomaji wengine ambao hawana kijana wa kuwaonyesha: kile kitufe cha F8 cha enzi za Windows 7 kwa kawaida hakifanyi kazi tena tangu Windows 8. Kwenye skrini ya paswedi shikilia Shift, bofya alama ya kuzimia, chagua Restart, usiiachie Shift. Itakuja skrini ya bluu, ingia Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, alafu bonyeza 4 kwa Safe Mode ya kawaida au 5 ukitaka yenye intaneti. Kama haifiki hata kwenye paswedi, iwashe na ukiona vidoti izime kwa kushikilia kitufe, rudia, baada ya mara mbili tatu italeta yenyewe skrini ya matengenezo. Na uikumbuke paswedi yako halisi, manake ile PIN ya tarakimu nne mara nyingi haikubali ndani ya Safe Mode na watu wengi paswedi wameshaisahau.

Neno la mwisho kwako Mwalimu. Hata ikifika mahali Windows imeshindikana kabisa, kuna Reset this PC yenye chaguo la Keep my files, programu zinaondoka ila nyaraka zinabaki. Fundi anayeruka hatua zote hizo na kukuambia kila kitu kitafutika amekuchagulia njia iliyo nyepesi kwake yeye. Mwambie unataka kujua draiva gani au programu gani, akishindwa kukujibu beba laptopu yako uondoke. Na jua pia Windows 10 muda wake wa kawaida wa msaada uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, ikitulia anza kuangalia kama hiyo laptopu inakubali Windows 11.

SWALI

Assalaam aleikum. Yangu nikiizima usiku na kuiwasha asubuhi yakwama kwenye nembo, lakini nikiizima kwa nguvu na kuiwasha mara ya pili yaja sawasawa. Nikifanya restart pia haikwami kamwe. Ni kitu gani hichi?
Msomaji, Mombasa

JIBU

Waaleikum salaam. Umeipeleleza vizuri sana, hilo la restart limeshanipa jibu. Tangu Windows 8 ukibonyeza Shut down kompyuta haizimi kikamilifu, inahifadhi sehemu ya mfumo na draiva zake kwenye faili liitwalo hiberfil.sys ili kesho iwake haraka, inaitwa Fast Startup. Draiva moja ikilala vibaya, asubuhi inaamka vibaya. Restart hainaga hiyo, inaanza upya kabisa, ndo maana haikwami, na ukiizima kwa nguvu lile lililohifadhiwa linatupwa na mara ya pili inaanza upya nayo.

Ingia Control Panel, Power Options, upande wa kushoto Choose what the power buttons do, bofya Change settings that are currently unavailable, ondoa tiki kwenye Turn on fast startup, Save changes. Kuwaka kutachelewa kidogo, kama una SSD hata hutahisi. Alafu ukipata nafasi apdeti draiva za chipset (chipu za ubao mkuu) pamoja na BIOS kutoka kwa mtengenezaji, lakini BIOS usiiguse siku ambayo umeme unakatikakatika, na chaja iwe imechomekwa na betri imejaa.

SWALI

Fundi, kila nikitaka kuingia Safe Mode inaniuliza namba ndefu ya BitLocker ambayo mimi sijawahi kuiweka. Rafiki anasema kuna mtu anaweza kuivunja kwa hela. Ni kweli?
Mwanafunzi, Dodoma

JIBU

Mdogo wangu, usitoe hela. BitLocker ni kufuli la Windows linalofunga data ya disiki, na hiyo namba ndo ufunguo wake, ina tarakimu 48, na laptopu nyingi mpya zinafunga disiki zenyewe pale mwanzo ulipoingia na akaunti ya Microsoft, kwa hiyo ni kweli hukuiweka, ilijiweka. Ingia kwenye akaunti hiyohiyo kwa simu, tafuta kwenye vifaa vyako sehemu ya BitLocker recovery keys, utaiona, na kuna kitambulisho kifupi cha herufi na namba, hakikisha kinafanana na kile kilicho kwenye skrini ya laptopu. Ukinunua mtumba inaweza kuwa kwenye akaunti ya aliyekuuzia, mtafute yeye. Ya chuo au ya kazini inakuwa kwa watu wa kompyuta wa hapo. Namba ikikosekana kote huko data haifunguki, na anayekuahidi kuivunja atakula hela yako. Ukiipata iandike kwenye karatasi, usiihifadhi ndani ya laptopu hiyohiyo.

SWALI

Yangu inaganda kawaida na inaganda Safe Mode pia, na kuna mlio wa tik tik ndani. Nilisoma nipige chkdsk /r, niendelee?
Msomaji, Arusha

JIBU

Hapana, simama hapo ulipo. Wewe tofauti na Mwalimu wa Morogoro, dalili zako ni za disiki, na huo mlio ni wa kichwa cha disiki kinachohangaika kusoma. Chkdsk /r ni amri ya Windows ya kukagua disiki, inapita kila sekta ya disiki nzima, inaweza kuchukua masaa na masaa, na disiki iliyo hoi inaweza kumalizikia humo kabla hujatoa hata faili moja. Izime. Kama data ni ya muhimu kweli usiiwashe tena, ipeleke kwa anayetoa data kwenye disiki zilizokufa. Kama ni ya kawaida tu, tengeneza flashi ya Linux (mfumo mwingine badala ya Windows) kama Ubuntu au Mint kwenye kompyuta nyingine, washa laptopu kwa flashi hiyo bila kuinstoli chochote, kopi vile unavyovihitaji zaidi kwanza, nyaraka kabla ya sinema, alafu nunua SSD ya inchi 2.5 ya SATA kama laptopu yako ni ya zile zenye disiki ya kuzunguka. Ukishaweka SSD ndo unapiga Windows upya, na hapo kweli hakuna njia nyingine.

Wenye wasiwasi na disiki ambazo bado hazijafika huko, wekeni CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya disiki, ni ya bure, mtaona neno Good, Caution au Bad juu kabisa. Angalieni mistari ya 05, C5 na C6, hiyo inahesabu sekta mbovu, kwenye disiki ya kuzunguka namba za safu ya Raw Values zikianza kupanda kutoka sifuri, kopi data siku hiyohiyo.